Seluji ya Duarani

Nilicheka ndani ya chumba cha maiti. Wapo ndugu mpaka leo wakinipa mkono wanautoa upesi kwa sababu ya kicheko kile, na mimi siwalaumu, maana hawakuwepo kwenye mambo yaliyonichekesha. Tuliokuwepo tumebaki wawili tu, mimi na mdogo wangu, na mdogo wangu mwenyewe wakati ule alikuwa bado hana hata jino.

Aliyelala pale alikuwa baba yetu, mzee aliyekula chumvi mpaka ikamchosha. Kijana wa kazi alipovuta ile droo ndefu ya bati, baridi ilitoka ikanipiga usoni kama mtu amefungua mlango wa nchi nyingine. Baridi ya asubuhi ya kwetu Kishapu naijua, ile ya mwezi wa sita inayofanya ng'ombe watoe moshi puani. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa na harufu ya chuma kilicholowa, halafu nyuma ya hiyo harufu hakuna kitu kabisa. Pua yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Nikasema moyoni: seluji.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kwamba hatukukua na friji. Leo mjukuu wangu Limi ana duka pale Mhunze, anauza barafu za ubuyu kwenye vifuko, watoto wanazinyonya huku wanalalamika zimeyeyuka. Sisi barafu tuliijua kwa kusomewa. Niliisikia kwa masikio miaka mingi kabla sijaigusa, na mtu akisikia kitu kabla ya kukigusa anakijaza anavyotaka yeye. Mimi niliijaza pamba.

Nianzie kwenye pamba basi, maana bila pamba hamtaelewa.

Msimu wa kuvuna, pamba inamwagwa chini kwenye turubai, na familia nzima inakaa kuizunguka kuichambua. Nyeupe iliyo safi inawekwa huku, yenye madoa na takataka, ambayo tunaiita fifi, inawekwa kule. Ni kazi ya kuketi, na kazi ya kuketi ina usingizi. Kwa hiyo mama yangu alikuwa anamwambia mdogo wake, mama mdogo Milembe, atusomee. Milembe ndiye alikuwa na shule pale nyumbani, alimaliza la saba. Mimi niliishia la tatu, nikaacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya darasani, ya dukani na ya padri. Nyumbani ni Kisukuma. Milembe alikuwa anasoma sentensi ya Kiswahili, halafu anaitafsiri kwa Kisukuma, na pale katikati, kati ya lugha na lugha, ndipo mambo mengi yalipokuwa yanaingia.

Kitabu chenyewe kilitoka dukani kwa Mama Zarina. Mama Zarina alikuwa Mhindi, lakini mzaliwa wa hapa hapa, Kisukuma chake kilitushinda wengine, na akikutukana hutaki kurudia ulichosikia. Alikuwa anafungia chumvi kwa karatasi za vitabu vya zamani. Siku hiyo mama alikwenda kununua kioo cha taa, Milembe akaona kitabu kwenye meza, hakina jalada, na kwa nyuma kimeshachanwa karatasi nyingi.

"Mama Zarina, hiki nipe mimi."

"Unataka chumvi au unataka kitabu?"

"Kitabu."

"Mwisho wake nimeshauza. Umekwenda na chumvi. Utasoma hadithi isiyo na mkia, we msichana?"

"Nitasoma ya mbele."

"Chukua. Lakini usije hapa kuniuliza walifika wapi. Mimi nauza, sisomi."

Hivyo ndivyo tulivyokipata. Jina lake sikulijua na silijui mpaka leo. Kilikuwa ni habari ya watu waliopanda meli kwenda mwisho wa dunia upande wa kusini, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, kwa sababu tu hakuna mtu aliyewahi kufika. Hilo nalo lilimsumbua sana mama. "Wameacha nini huko?" alikuwa anauliza. "Wanafuata nini?" Milembe anasema wanafuata kujua. Mama anatupa fifi kule, anasema, "Haya."

Kulikuwa na Nahodha, mwenye ndevu, na kulikuwa na Seremala aliyependa kuimba. Meli yao ilibanwa na barafu kama jembe linavyobanwa na mzizi, wakashuka, wakaanza kutembea. Mizigo yao ilivutwa na mbwa kwenye gari lisilo na magurudumu. Nasikia watoto wa mjini wakisoma hapo wanashangaa. Sisi hatukushangaa hata kidogo. Gari lisilo na magurudumu lilikuwa limelala pale nje ya zizi: gogo lenye panda, linafungwa kwenye nira, ng'ombe wanalikokota vumbini na pipa la maji juu yake. Tulichoshangaa ni mbwa. Mbwa wetu alikuwa hawezi kuvuta hata mkia wake. Na walipofika mahali ambapo chakula kimekwisha wakaanza kuwala wale mbwa, nilitoka nje nikatapika, nikarudi, nikasema endelea.

Sasa neno lenyewe. Kitabuni limeandikwa theluji. Milembe, kama Wasukuma wengi, alilisoma seluji, na kwetu likawa seluji. Nikamuuliza ni kitu gani. Akafikiri. Alikuwa hajaiona yeye wala mwalimu wake. Akaangalia turubai, akachota pamba nyeupe kwa mikono miwili, akairusha juu ikatuangukia kichwani.

"Hivyo," alisema. "Inadondoka toka mbinguni, inafunika nchi yote."

Basi mimi nikaona. Nikaona nchi nzima ya pamba safi isiyo na mwenyewe, hakuna anayepalilia, hakuna anayechambua fifi, na watu wanatembea juu yake wakiwa na shida. Shida ya nini? Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Kuna sehemu Seremala alichoka, akalala chini kwenye seluji, wenzake wakamvuta, wakampiga makofi, wakalia, wakamwambia usilale, ukilala umekufa. Na yeye akasema niacheni kidogo tu, hapa ni pazuri. Akafa. Mimi nilikuwa najilaza kwenye stoo ya pamba kila nilipopata nafasi. Inawasha shingoni, lakini ina joto kama tumbo la mama. Mtu atakufaje kwa kulala kwenye pamba? Niliuliza, Milembe akasema ni kwa sababu ya baridi. Baridi kwenye pamba? Akasema, "Minza, chambua."

Haya yote yangebaki hadithi. Lakini siku moja Milembe akasoma kwamba Nahodha na watu wake wakalivuka duara la kusini.

Mkono wa mama ukasimama juu ya pamba.

Ninyi mliopita Geita mnajua. Shimo la dhahabu linaitwa duara. Sijui nani alianza kuliita hivyo, labda kwa sababu ya mdomo wake. Na baba yangu alikuwa duarani. Aliondoka baada ya mwaka mbaya wa pamba, akasema anakwenda machimbo ya upande wa Geita, atarudi kulima. Mvua zikanyesha, hakurudi. Kila mtu aliyetoka huko tulimuuliza, na jibu lilikuwa moja, hata anayelileta akiwa tofauti: "Baba Minza yuko duarani. Anawasalimu. Anasema wamebakiza kidogo."

Kwa hiyo niliposikia duara la kusini, mimi sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nilijua kitabu kinamzungumzia baba. Ndiyo maana hakurudi! Alikuwa huko kwenye nchi nyeupe, mbwa wamekwisha, Seremala amekufa, na Nahodha anawaambia twendeni. Milembe alicheka, akasema hilo duara ni mstari tu, watu wenye akili wameuchora kuizunguka dunia. Nikamuuliza mstari umechorwa na nani kama hakuna mtu aliyewahi kufika huko. Akaniambia nichambue. Mpaka leo sijajibiwa vizuri.

Kitabu kilikatika pabaya. Nahodha amesimama, chakula kimebaki biskuti ngumu, ambazo sisi tulijua ni kama michembe, vile vipande vya viazi tulivyokausha juani. Mbele haoni kitu, nyuma haoni kitu. Anawageukia wenzake afungue mdomo. Karatasi imekwisha.

Nilikwenda sokoni siku ya mnada. Nilipita kwa kila mama niliyemjua, nikamwamkia, nikamuomba anionyeshe karatasi aliyofungiwa chumvi. Wengine walidhani nimetumwa kuangalia kama wana chumvi nyingi. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Chumvi yangu inakuhusu nini?" Zilikuwa karatasi za hesabu, za dini, za mambo ya kilimo. Mwisho wa hadithi ya baba yangu ulikuwa umetawanyika kijiji kizima, umewashiwa moto, umefungiwa tumbaku, na mbuzi mmoja nilimkuta kabisa anautafuna. Nilipata kipande kimoja tu, kwa mama wa jirani, amezibia tundu la dirisha. Nilikijua kwa sababu pembeni kilikuwa na picha ya mguu wa mbwa. Nikakimbia nacho kwa Milembe. Maneno yalikuwa nusu nusu, chumvi imeyala, lakini katikati palisomeka: Nahodha akasema, tumebakiza kidogo.

Milembe alikisoma mara moja, akakikunja, akampa mama. Hakucheka tena.

Sasa mama. Mama alikuwa amebaki na mimba baba alipoondoka, na mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume. Watu walipokuja kumpongeza na kumuuliza jina, mama alisema, "Anaitwa Kidogo." Wakadhani anatania. "Baba yake si amesema amebakiza kidogo? Mwambieni kidogo chake kimezaliwa huku." Ikawa jina. Salamu hizo sijui kama zilifika, au zilifika mtu akaona aibu kuzitoa.

Lakini chini ya utani kulikuwa na jambo. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa anatulimia kwa ng'ombe wake, na alikuwa ameshaanza kusema kwamba shamba lisilo na mwanamume haliwezi kukaa hivi hivi, mvua zinazokuja kama ndugu yake hajarudi atalichukua alilime mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wengi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandalia maji ya kunawa, akamlisha, na alipoondoka akaanza kukunja nguo.

"Tunakwenda kumchukua baba yako," aliniambia. "Kabla ya mvua."

Mimi nilijiandaa kama watu wa kitabuni. Nilichukua sweta la mtumba la Milembe, lililonifika magotini, nikavaa gauni mbili ndani yake, nikafunga michembe kwenye kitambaa. Mama aliniangalia akaacha. Alikuwa na mambo yake.

Tulipanda lori la chumvi linalokwenda Runzewe, upande wa Geita. Nawaambia ukweli, niliona ni sawa kabisa kwamba tunamfuata juu ya magunia ya chumvi. Jua lilitupiga hadi nikaona nyota mchana, jasho linanitiririka ndani ya lile sweta, na utingo alinishangaa njia nzima. "We mtoto, unaumwa homa?" Nikamwambia siumwi, nakwenda duarani. Akasema, "Duarani ndiyo kwenye joto kuliko hapa, mjomba wangu alizimia." Nikamuonea huruma kwa sababu hakusoma.

Kutoka Runzewe tulitembea, tukapata msaada wa trekta, tukatembea tena, mpaka tukafika kwenye machimbo. Kwanza ni kelele: watu wanatwanga mawe kwa vyuma, ko ko ko, kama kijiji kizima kinatwanga mahindi makavu. Halafu nikawaona. Wanaume weupe. Nywele nyeupe, kope nyeupe, mikono myeupe mpaka mabegani, wanatembea kwenye nchi nyeupe, maana yale mawe yao yakitwangwa yanatoa unga mweupe unaokaa kwenye kila kitu, kwenye majani, kwenye sufuria, kwenye ndimi za mbwa. Mbwa pia walikuwepo.

Nikamvuta mama kanga. "Nilikwambia."

Mama akawatazama wale weupe mmoja mmoja. Nadhani kwa dakika moja naye aliamini.

Kwenye mdomo wa duara walikuwa wanazungusha gogo lenye kamba, wanamvuta mtu juu. Akatoka, mweupe, mwembamba, akakaa chini anahema. Nikamwamkia kwa adabu, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," halafu akamuuliza mwenzake, "Huyu mtoto wa nani amevaa sweta juani?"

Alikuwa baba. Mimi sikumjua kwa ule unga, yeye hakunijua kwa lile sweta. Mama alisimama nyuma yangu, akasema taratibu, "Ni wa kwako, Baba Minza." Baba akainuka, akakaa tena.

Mwenzake baba, waliyeshirikiana naye lile duara, alikuwa anaitwa Mwarobaini, kwa sababu alikuwa na dawa ya kila ugonjwa na zote zilikuwa chungu. Mama alipika ugali na maharage, tukakaa nje ya turubai lao, na watu wa maduara ya jirani wakasogea, maana mwanamke akipika kambini watu husogea. Mwarobaini ndiye aliyeniuliza habari ya sweta. Nikasimulia. Nilisimulia yote: meli ilivyobanwa, mbwa walivyoliwa, Seremala alivyosema hapa ni pazuri. Sikuweza kusoma vizuri lakini kichwani nilikuwa nacho chote, sentensi kwa sentensi, na sauti za Milembe zote. Wale wanaume waliacha kula. Nilipofika pale Nahodha anapogeuka, nikanyamaza.

"Enhe?" alisema Mwarobaini. "Akasema nini?"

"Akasema, tumebakiza kidogo."

"Sawa sawa! Halafu?"

"Hapo kitabu kimechanika."

Ilikuwa kama nimerusha jiwe kwenye mzinga. Wote wakasema kwa pamoja. Mmoja anasema warudi, meli bado ipo. Mwingine anasema warudi wapi, watu wameshakufa, watarudi na aibu? "Wasonge!" Mwarobaini alipiga paja. "Mtu umetembea kote huko, umekula mbwa wako mwenyewe, halafu ugeuke mlangoni? Mwenzako atakuja kesho aingie kwa nyayo zako!" Wakamuuliza baba. Baba akasema, bila kumwangalia mtu, "Wasonge. Wamebakiza kidogo."

Mama alikuwa anakwangua sufuria. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mke wa Nahodha mwaka huo alilima nini?"

Wakanigeukia mimi. Nikatafuta kichwani. Mke wa Nahodha alikuwepo ukurasa wa kwanza, amesimama bandarini anapunga kitambaa. Baada ya hapo hakuonekana tena.

"Hakusemwa," nikajibu.

"Hakusemwa," mama alirudia. Akamtazama baba. "Na wewe, Baba Minza? Umebakiza nini huko chini?"

"Kidogo tu, Mama Minza. Tunaugusa mwamba wenye dhahabu. Haki ya Mungu, kidogo tu."

Mama akafungua mbeleko, akamtoa mtoto aliyekuwa amelala, akamweka baba mapajani, na mtoto naye akaamka, akamkamata baba pua yenye unga.

"Basi kidogo uliyembakiza ndiye huyu," alisema. "Ndilo jina lake. Kidogo. Muulize mtu yeyote Kishapu."

Mwarobaini alianza yeye. Alicheka mpaka akaanguka ubavu, akawa anapiga ardhi kwa kiganja, "Wamembakiza Kidogo! Jamani, wamembakiza Kidogo!" na wote wakafuata, wale wanaume weupe, wanacheka machozi yanachora mistari myeusi mashavuni. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule mtoto, mtoto anahamisha unga kutoka usoni kwa baba kuupeleka mdomoni kwake. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini ambayo hata sasa nikiwa peke yangu naisikia.

"Minza. Hicho kitabu kimechanika, au hawakurudi?"

"Kimechanika, baba."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Mama Zarina ndiye aliyeuuza mwisho wake, na yeye alikuwa hasomi.

Asubuhi baba alinawa. Maji yalitoka meupe kama maziwa, na chini yake akatokea mtu niliyemjua. Mwarobaini hakuamini. "Unageuka? Kweli unageuka? Sasa hivi?" Baba akamwachia sururu yake na sehemu yake ya duara, akachukua blanketi, tukaondoka.

Kabla hatujafika Kahama mvua ilitukuta juu ya lori. Ilianza kwa upepo, halafu vitu vikaanza kulia kwenye bati la kichwa cha lori, ta, ta, ta. Mvua ya mawe. Mimi nilikuwa nimeisikia kwa watu wazima tu, wakisimulia mwaka ilipomaliza pamba. Dereva akasimama, tukajibanza chini ya turubai, na ilipopungua barabara yote ilikuwa nyeupe. Nilishuka nikakimbia. Baba akaja nyuma yangu, akaokota punje moja kubwa, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa kiganja chake.

"Baba! Inachoma!"

"Si ndiyo seluji yako hiyo."

"Inachoma!"

"Shikilia."

Nikashikilia. Kwanza iliuma kama kaa la moto, halafu ikauma mpaka ndani ya mfupa, halafu nikaona maajabu: vidole vikaacha kuuma. Vikawa si vyangu. Ikawa tamu, kama usingizi. Na hapo hapo, kwenye barabara ya Kahama, nikamuelewa Seremala. Haikuwa pamba. Haijawahi kuwa pamba. Nikafungua kiganja, palikuwa na maji tu.

Tuliwahi mvua za kupandia. Baba mkubwa alileta ng'ombe wake mwenyewe, hakuna aliyezungumza habari ya shamba tena.

Sitawaficha yaliyofuata, maana hadithi zinazofichwa nusu ndizo zilizonisumbua. Mwarobaini alisonga, na kweli walikuwa wamebakiza kidogo. Haikupita muda mrefu akaupata mwamba. Akajenga nyumba ya tofali, akanunua lori, na kila alipopita Kishapu alisimamisha lile lori mbele ya shamba letu akapiga honi. "Mzee wa kugeuka! Uligeukia mlangoni, ndugu yangu!" Baba alikuwa anainua jembe kumsalimia. Siku moja nilimuuliza baba kama anajuta. Alipalilia mstari mzima kabla ya kunijibu. "Mwarobaini alibakiza dhahabu," alisema. "Mimi nilibakiza kitu kinachotambaa."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za hizo safari. Mwanafunzi yeyote akipita kwangu na kitabu namuuliza kama kina barafu, na Limi ananisomea kwenye simu. Nimesomewa nyingi. Wanaoandika wanapenda weupe ule kwa sababu hauna kitu, basi kila mmoja anaweka humo hofu yake: mwingine anaweka dude la ajabu, mwingine anaweka Mungu, mwingine tundu linalokwenda katikati ya dunia. Mimi niliweka pamba na baba yangu, kwa hiyo siwacheki. Lakini mke bado anapunga kitambaa ukurasa wa kwanza. Nimemwambia Limi akikipata kimoja tu ambacho mke anaonekana tena katikati, analima, anazaa, anauliza maswali, aje anigongee hata kama nimelala.

Kitabu cha Milembe sijakipata. Limi anasema nimpe jina atautafuta mwisho. Jina lilikwenda na jalada. Basi.

Turudi kwenye ile droo. Nilikuwa nimeshika mkono wa baba, na ulikuwa kama ile punje ya barabarani: kwanza uliniuma, halafu vidole vyangu vikaanza kutulia, na nikajua nikikaa pale nitaona ni pazuri. Nilikuwa peke yangu na wale ndugu wa upande wa baba mkubwa. Mdogo wangu, ambaye sasa ni mzee mwenye kitambi na wajukuu wa kutosha, alikuwa bado yuko njiani na gari la kubebea jeneza. Kijana wa kazi akaangalia mlangoni, akaniuliza kwa upole, "Mama, mmeshatimia tumtoe mzee?"

"Bado, mwanangu," nikasema. "Tumebakiza Kidogo."

Nikayasikia maneno yangu yakigonga lile bati. Nikamwangalia baba. Na nikacheka, jamani, nikacheka mpaka nikashika ukuta, na mkono wake sikuuachia.